Baisikeli na Sheria za Njia

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za baisikeli. Sitawafundisha kuipanda, maana wengi wenu mnajua kuliko mimi. Nataka kueleza jinsi ilivyopata mahali pake katika njia kuu, na jinsi sheria zake zilivyotungwa, moja baada ya moja.

Aliyefika Arusha huenda anapajua Sekei. Ni mahali palipo upande wa juu wa mji, chini ya Mlima Meru. Njia zake zinateremka kutoka kwenye migomba mpaka barabara kuu, ambayo upande mmoja inakwenda Moshi na upande wa pili inakwenda Namanga na Nairobi. Asubuhi mtu akitoka juu na dumu la maziwa au mkungu wa ndizi juu ya keria, hana haja ya kukanyaga pedeli. Mlima wenyewe unamsukuma, na kazi yake ni kushika breki tu. Huko chini yapo malori, mabasi, motokaa ndogo, pikipiki, na watoto waendao shule. Wote hao wanataka kupita. Je, mwenye baisikeli ahesabiwe pamoja na waenda kwa miguu, au ahesabiwe pamoja na wenye magari?

Swali hili si geni. Watu wa Ulaya walilishindania miaka mingi kabla ya baisikeli kuenea katika nchi zetu, na majibu yao yamo katika sheria tunazozifuata. Basi hatuna budi kwenda mbali kidogo, kisha tutarudi Sekei.

Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Ujerumani, alikuwako bwana mmoja jina lake Karl von Drais. Alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, na mahali pa kukaa katikati. Hakikuwa na pedeli wala mnyororo. Mtu alikaa juu yake akasukuma ardhi kwa miguu, kama mtu akimbiaye ameketi. Watu walicheka, lakini chombo kilikwenda mbio. Shida ilikuwa njia. Barabara za magari ya farasi zilikuwa na makorongo na matope, kwa hiyo wapandaji wakahamia kando, pale penye njia laini ya waenda kwa miguu. Hapo wakaanza kugonga watu, na miji kadha wa kadha ikawakataza. Hivyo ugomvi wa kwanza wa chombo hiki ulikuwa na mwenda kwa miguu, wala haukuwa na motokaa, maana motokaa ilikuwa haijazaliwa.

Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedeli kwenye gurudumu la mbele. Baadaye gurudumu hilo likakuzwa mno, hata mpandaji akawa ameketi juu kama mtu aliyepanda farasi, na akianguka alitangulia kichwa. Ndipo mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alipotoa baisikeli ya magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Umbo la baisikeli yako ndilo lile. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya serikali ya kulinda ufundi wake wa tairi la mpira lililojazwa upepo, alilokuwa amelijaribu kwanza katika baisikeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Tangu hapo chombo kilichokuwa cha vijana shupavu kikawa chombo cha kila mtu.

Sasa tazameni sheria ilivyokifuata chombo hicho. Uingereza ilikuwa na sheria ya njia ya mwaka 1835, iliyoamuru magari kukaa upande wa kushoto, na kukataza kupanda au kuendesha gari katika njia ya miguu. Watu wakauliza: Je, baisikeli ni gari? Mwaka 1879 mahakama ilijibu kwamba ndiyo, ni gari. Mwaka 1888 Bunge likaandika jambo hilo katika sheria ya nchi nzima. Lakini halikutoa haki bila kudai wajibu. Mpandaji aliamriwa kuwasha taa usiku, na kupiga kengele au namna nyingine ya sauti anapompita mtu.

Nawaombeni mlishike jambo hili. Tangu siku ile mwenye baisikeli hakuwa tena mtu wa kufukuzwa njiani, bali alikuwa mwenye njia kama wenye magari wengine. Wala hakuwa tena mtu wa kupita apendavyo. Akitaka kuheshimiwa kama gari, sharti aonekane kama gari, asikike kama gari, na akae upande wake kama gari.

Jambo jingine linaweza kuwapendeza watu wa milimani. Katika miaka ya 1880 vyama vya wapanda baisikeli huko Uingereza vilianza kusimamisha mbao za hatari juu ya miteremko mikali, ili mgeni ajue kabla ya kushuka kwamba mbele kuna kilima kinachoweza kumwua. Hawakungoja serikali. Walikuwa wamewazika wenzao, wakaona afadhali kibao cha mti kuliko jeneza. Basi katika alama za hatari za kwanza za njia za siku hizi, zimo zilizosimamishwa na wapanda baisikeli kwa ajili ya miteremko. Mtu wa Sekei angewaelewa upesi.

Kisha ikaja motokaa. Zamani huko Uingereza magari yaendayo kwa mvuke yalifungwa na sheria ya mwaka 1865: yasipite maili nne kwa saa mashambani na maili mbili mjini, na mtu atangulie mbele na bendera nyekundu. Mwaka 1896 vifungo hivyo vilikuwa karibu kulegezwa. Tarehe 17 Agosti mwaka ule ule, katika viwanja vya Crystal Palace mjini London, mama mmoja jina lake Bridget Driscoll aligongwa na motokaa iliyokuwa ikionyeshwa kwa watu, akafa. Ndiye mwenda kwa miguu wa kwanza kuuawa na motokaa katika Uingereza. Gari lile lilikuwa likienda polepole kuliko baisikeli inayoteremka Sekei. Lakini mwaka ule haukwisha kabla ya motokaa kuruhusiwa kwenda maili kumi na nne kwa saa.

Tangu hapo magari yakaongezeka, na vifo vikaongezeka. Mwaka 1931 serikali ya Uingereza ilitoa kitabu kidogo cha mafundisho ya njia kilichouzwa kwa peni moja, ili hata mtu maskini akisome. Kuanzia mwaka 1935 madereva wapya wakalazimishwa kufanya mtihani. Hata hivyo wapanda baisikeli wenyewe walishindana na serikali miaka mingi juu ya taa nyekundu ya nyuma. Walisema, "Dereva ndiye anayekuja nyuma yetu, yeye atazame mbele. Kwa nini mzigo tutwikwe sisi?" Neno lao lilikuwa na haki ndani yake. Lakini vita vilipoanza mwaka 1939, taa za miji zikazimwa kwa hofu ya ndege za adui, na katika giza lile taa ya nyuma ikawa lazima. Mwaka 1945 ikawa sheria ya kudumu. Haki ya mpandaji haikupungua kwa taa ile, bali ilimsaidia kuwa hai ili aidai.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani mmoja, Paul Graetz, alitoka Dar es Salaam kwa motokaa akitaka kuvuka Afrika. Alifika Swakopmund, pwani ya magharibi, mwezi wa Mei 1909, yaani karibu miaka miwili njiani, kwa kuwa barabara zilikuwa hazipo. Arusha ya siku zile ilikuwa boma la Wajerumani na nyumba chache. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, barabara zikatengenezwa, na katika nchi za kahawa na pamba fedha ya mazao ikawanunulia watu wengi baisikeli. Baisikeli ikawa punda wa mkulima, gari la mwalimu, na machela ya mgonjwa.

Pamoja na utawala wa Waingereza ikaja desturi yao ya kushoto. Ndiyo sababu Tanzania, Kenya na Uganda wanakaa kushoto, na Rwanda, Burundi na Kongo wanakaa kulia. Avukaye mpaka hana budi kukumbuka. Na kwa kutaja mipaka, ni huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako baisikeli zilianza kubeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka, na jina la bodaboda likazaliwa. Siku hizi jina hilo limehamia kwenye pikipiki, lakini asili yake ni baisikeli.

Mwaka 1968 mataifa yalikutana Vienna wakaandika mkataba wa njia. Humo dereva ni mtu yeyote aendeshaye chombo, hata akiwa juu ya baisikeli. Mkataba unataka baisikeli iwe na breki imara, kengele, kioo chekundu nyuma kinachorudisha mwanga, na uwezo wa kuwasha taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Unakataza kuachia usukani kwa mikono yote miwili, kuvutwa na chombo kingine, na kubeba mzigo unaomzuia mpandaji kuendesha vema. Vijana mnaoning'inia nyuma ya lori ili liwapandishe mlima, sikieni: mataifa mengi yaliona hatari hiyo kabla ninyi hamjazaliwa. Hapa Tanzania Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973. Nayo inamwambia dereva wa motokaa kwamba katika mji na penye nyumba nyingi asizidi kilomita 50 kwa saa.

Tufanye hesabu, nanyi wanafunzi mnisahihishe. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akiona mtoto, yapita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Basi gari limekwisha kwenda mita 14 kabla halijaanza hata kupungua mwendo. Baisikeli iteremkayo kwa kilomita 30 kwa saa huenda zaidi ya mita 8 kwa sekunde ile ile. Tena mvua ikinyesha, rimu ya chuma hulowa na mpira wa breki huteleza juu yake. Breki iliyokutii jana katika jua yaweza kukukana leo. Kwa hiyo mwenye akili hujaribu breki zake angali juu, hupunguza mwendo mapema, na hufika kwenye barabara kuu akiwa tayari kusimama.

Tahadhari hii imezidi kuhitajiwa. Barabara kuu kati ya Sakina na Tengeru, iliyo chini ya Sekei, ilipanuliwa katika miaka ya 2010, ikawa na njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Njia pana ni neema kwa biashara, lakini anayeivuka hukaa muda mrefu zaidi mbele ya magari, na magari yenyewe hushawishika kukimbia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa njiani duniani kote, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kitu kinachowaua zaidi ya hicho.

Wako watu watakaosema, "Ajali haina kinga." Neno ajali kwa asili yake ni siku ya kufa aliyoandikiwa mtu, na siku hiyo hakuna aijuaye. Lakini si kila kugongwa ni siku iliyoandikwa. Wale waliosimamisha mbao za hatari, na wale waliotia taa, kila mmoja wao aliona mwenzake amelala njiani akakataa kusema kwamba hakuna kinga. Sheria za njia ndizo kinga walizotuachia.

Basi wewe mwenye baisikeli, kaa kushoto, fuataneni mmoja nyuma ya mwingine, onyesha mkono kabla ya kugeuka, washa taa jua likichwa, na punguza mzigo usioweza kuuzuia mteremkoni. Nawe mwenye motokaa, usimwone mpandaji kuwa kizuizi. Yeye ni dereva mwenzako, mwenye haki ile ile ya njia, ila hana bati la kumkinga. Ukimpita, mwachie nafasi ya kutosha hata akikwepa shimo asije chini ya gurudumu lako. Usipopata nafasi hiyo, ngoja. Utapoteza dakika moja, naye atafika nyumbani kwake.

Kesho asubuhi, kabla ya kuteremka, jaribuni breki.