Katizo si Kukatika

Ingia ofisi yoyote ya Arusha siku ambayo kompyuta zimegoma, utapokelewa na sentensi moja: "Sistimu iko chini." Mgeni wa lugha anaweza kuinama kuitafuta chini ya meza. Mafundi nao wana neno lao, dauntaimu, ambalo Kiingereza kimeliunda kwa kuunganisha "chini" na "wakati". Neno hilo wanalibebesha mambo mawili yasiyofanana: seva iliyozimika yenyewe saa 5 asubuhi wateja wakiwa foleni, na seva iliyozimwa kwa makusudi Jumapili alfajiri ili ifanyiwe matengenezo. Hili la pili ndilo linalotafutiwa jina hapa.

Tuanze na kazi yenyewe. Seva ya baruapepe huhifadhi barua za ofisi nzima ndani ya hifadhidata, ambayo mara nyingi ni faili moja kubwa. Mtu akifuta barua, nafasi yake hubaki tupu ndani ya faili, lakini faili halipungui. Ni kama ghala la mahindi: ukitoa magunia ya katikati, kuta hazisogei. Programu huzipanga upya nafasi hizo bila mtumiaji kujua. Lakini kulipunguza faili lenyewe ni kazi nyingine. Katika Microsoft Exchange, kwa mfano, hifadhidata hutolewa kwanza kwenye huduma, kisha data zilizo hai huandikwa upya katika faili jipya, na mwisho faili jipya hushika nafasi ya lile la zamani. Muda wote huo hakuna anayeweza kufungua sanduku lake la barua. Diski nayo inahitaji nafasi ya ziada, na mafundi hukadiria asilimia 110 ya ukubwa wa hifadhidata.

Ukiahirisha kazi hii sana, seva itakuamulia yenyewe. Exchange ya mwaka 2003, toleo la kawaida, ilianza na kikomo cha gigabaiti 16. Hifadhidata ikikigonga kikomo hicho ilijifunga, hata kama ni katikati ya saa za kazi. Aliyekataa kuisimamisha kwa mpango aliishia kusimamishwa nayo.

Sasa jina. Wapo wanaosema "muda wa kutopatikana kwa huduma". Maana ni sahihi, ila hayo ni maelezo. Jina halitakiwi kumchosha msemaji kabla hajalimaliza. Wengine husema "matengenezo" tu. Hilo hutaja kazi na kuacha athari yake, kwa kuwa matengenezo mengi hufanyika huduma ikiendelea. "Kuwa chini" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Katika Kiswahili kitu kikiwa chini kimeanguka au kimewekwa hapo, wala hakuna anayemwambia mwenzake kwamba umeme uko chini.

Umeme unatufundisha. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, inapotaka kubadilisha nguzo au kukata matawi ya miti yaliyogusa nyaya, hutoa tangazo la katizo la umeme. Tangazo hutaja siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, sababu, na maeneo yatakayoathirika. Kisha huonya watu wasiguse waya uliokatika. Hapo kuna maneno mawili ya shina moja, na hakuna msomaji anayeyachanganya. Waya uliokatika hauna mkataji: kiambishi -ik- hueleza hali iliyotokea bila kumtaja mtendaji. Katizo linatokana na katiza, kitenzi kinachodai mtu wa kukitenda. Palipo na katizo, pana aliyekatiza, na huyo anaweza kuulizwa sababu yake na saa ya kurudisha.

Kwa hiyo tofauti ambayo Kiingereza huilipia kwa kivumishi cha nyongeza, sisi tunayo ndani ya kitenzi. Huduma ya baruapepe imekatika: ni ajali. Kutakuwa na katizo la baruapepe: ni mpango. Na kama fundi anataka kupima urefu wake, aseme "muda wa katizo", maana katizo ni tukio, na muda ni kipimo chake.

Panda kidogo kuelekea Mlima Meru, utaona kwamba wazo lenyewe si geni huku. Wameru na Waarusha wamemwagilia mashamba yao kwa mifereji ya kuchimbwa tangu kabla ya ukoloni. Mfereji hujaa tope na majani, na hauwezi kuzibuliwa maji yakiwa yanapita kwa nguvu. Hufungwa juu, kwenye banio, wenye zamu wakiwa wameshajua, kisha watu huingia na majembe. Mwenye migomba hasemi maji yamekatika. Anasema yamefungwa, na anajua lini yatafunguliwa.

Kupanga katizo ni kujibu maswali kama ya mfereji: lini, kwa muda gani, na nani ataathirika. Vitabu vya mafundi hupendekeza usiku wa manane. Arusha ushauri huo una mtego. Kampuni za utalii huishi kwa barua za wateja wa mbali, na saa 6 usiku ya Arusha mwezi Aprili ni saa 11 jioni New York, mtu ametoka kazini na anauliza bei ya safari ya Serengeti. Jumapili saa 12 asubuhi ndiyo afadhali. New York ni saa 5 usiku wa Jumamosi, London ni saa 10 alfajiri, na Arusha yenyewe wengi wanajiandaa kwenda kanisani. Aprili nayo ni masika, wageni ni wachache.

Urefu hupatikana kwa hesabu. Tuseme hifadhidata ni gigabaiti 40, na jaribio la fundi kwenye seva yake limeonyesha kasi ya gigabaiti 10 kwa saa. Hizo ni saa 4. Ongeza saa 1 ya kukagua na saa 1 ya akiba: saa 6. Nakala rudufu huchukuliwa kabla ya kuanza, na nyingine mara baada ya kumaliza, kwa kuwa faili sasa ni jipya. Fundi aamue mapema pia saa ya kughairi. Faili la zamani halijaguswa hadi mwisho, hivyo kurudi nyuma kunawezekana.

Watu huuliza: barua zitakazoingia wakati huo zitapotea? Hapana. Seva ya mtumaji ikikuta mlango umefungwa huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Kanuni za baruapepe, waraka namba 5321 wa mwaka 2008, zinaitaka isikate tamaa mapema, bali ingoje angalau siku 4 hadi 5. Katizo la saa 6 halimpotezei mtu barua; linamcheleweshea tu.

Tangazo ndilo hukosewa zaidi. "Usiku wa Jumamosi" kwa mmoja ni usiku unaofuata mchana wa Jumamosi; kwa aliyelelewa na hesabu ya Waswahili wa pwani, siku huanza magharibi, na usiku huo umeshapita. Ndiyo maana magazeti huandika "usiku wa kuamkia Jumapili". Arusha pia ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na saa ya Kigali na Bujumbura iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Andika hivi:

"Kutakuwa na katizo la baruapepe Jumapili, 19 Aprili, kuanzia saa 12:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, kwa saa za Arusha. Sababu: matengenezo ya hifadhidata. Hutaweza kusoma wala kutuma barua. Barua utakazotumiwa zitakufikia huduma ikirudi."

Sikutumia "dirisha la matengenezo", ambalo baadhi ya mafundi wamelitafsiri neno kwa neno. Dirishani kwetu huingia hewa na mwizi. Muda una jina lake, nao ni kipindi. Kipindi cha matengenezo kinaweza kuwa na katizo ndani yake au kisiwe nalo.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu istilahi, lakini hii haihitaji kuundwa. Ipo kwenye tangazo la umeme linalosomwa na fundi wa seva na mama lishe wa soko la Kilombero sawasawa. Basi, ndugu fundi, seva ikizimika yenyewe sema huduma imekatika, uombe radhi. Ukiizima wewe, sema ni katizo, na utaje saa ya kuirudisha.