Mamlaka ya Kuwasha: Historia Fupi ya Mifumo Endeshi Miwili katika Kompyuta Moja, kwa Mtazamo wa Morogoro

Chini ya milima ya Uluguru, katika mji wa Morogoro, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984. Hapo ndipo yalipo makao ya SACIDS, taasisi inayoshughulikia magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na wanyama. Uchambuzi wa vinasaba vya vimelea hutegemea programu ambazo nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Linux, ilhali ripoti na majedwali ya ofisi kwa kawaida huandaliwa katika Windows. Kwa mtafiti mwenye kompyuta mpakato moja, kuweka mifumo endeshi yote miwili katika diski moja ni haja ya kazi wala si mchezo wa wapenda mitambo. Insha hii inadai kwamba ugumu wa kazi hiyo katika mashine mpya hautokani hasa na uchache wa maarifa ya mtumiaji. Unatokana na kuhama kwa mamlaka ya kuwasha mashine.

Katika kompyuta za zamani, zilizotumia BIOS, mamlaka hayo yalikaa mwanzoni mwa diski, katika baiti 512 za kwanza. Programu yoyote iliyoandikwa hapo mwisho ndiyo iliyotawala. Kanuni ilikuwa rahisi: Windows itangulie, Linux ifuate, kwa kuwa Windows ikiwekwa baadaye hufuta kianzishi cha mwenzake bila kuuliza. Kasoro zilikuwapo, kama vile ukomo wa sehemu kuu nne katika diski, lakini fundi aliyeharibu aliweza kutengeneza kwa diski ile ile aliyosakinishia. Hata diski yenyewe haikuwa ghali: tangu 2004 hadi 2011 Ubuntu ilituma CD zake bure kwa posta duniani kote, jambo lenye uzito katika nchi ambayo kebo ya SEACOM iliifikia mwaka 2009 tu.

Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mafanikio hayo hustahili sifa wanazopewa waasisi wake. Hata hivyo, tafsiri ilianzia juu, kwenye menyu za kuandikia barua, na haikushuka hadi kwenye tabaka ambamo mashine huamua kuamka au kutoamka. Ni katika tabaka hilo ndimo matatizo ya leo yalimo.

Badiliko kubwa lilikuja na Windows 8, mwezi Oktoba 2012. Kompyuta zilizouzwa na mfumo huo zilitakiwa kutumia UEFI badala ya BIOS, zikiwa zimewashiwa Secure Boot, yaani uanzishaji salama: programu dhibiti hukataa kianzishi chochote kisicho na sahihi ya kidijiti inayotambuliwa. Lengo lilikuwa kuzuia virusi vinavyojificha chini ya mfumo endeshi, na lengo hilo halina ubaya. Lakini ufunguo wa sahihi uliotambuliwa na karibu kila mtengenezaji ulikuwa wa Microsoft. Mwishoni mwa mwaka huo Matthew Garrett alitoa programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa sahihi na Microsoft, ambayo nayo huidhinisha kianzishi cha Linux. Msomaji anayeifahamu Uluguru atakumbuka ngoto: ardhi ilikuwa ya ukoo wa upande wa mama, na mgeni aliyepewa sehemu ya kulima alitoa kitu kidogo kwa mkuu wa ukoo, kukiri mwenye ardhi ni nani. Shim ni ngoto ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba mkuu wa ukoo aliishi mlimani humo humo na aliweza kuendewa.

Kutokana na historia hiyo, dalili za kushindwa zinasomeka vizuri zaidi. Ya kwanza ni kisakinishi cha Linux kudai kwamba hakuna diski. Diski ipo, mtengenezaji ameweka kidhibiti chake katika hali ya RAID ya Intel badala ya AHCI. Anayebadilisha hali hiyo ghafla hukuta Windows haiwaki tena, kwa sababu haijaandaliwa kiendeshi kinachohitajika. Dawa ni kuiagiza kwanza Windows iwake katika hali salama, kisha kubadilisha, kisha kuiwasha ili ijirekebishe. Ya pili ni hatari zaidi. Windows za sasa mara nyingi husimba diski zenyewe kwa siri, na mabadiliko katika programu dhibiti huweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa mashine. Aliyekabidhiwa kompyuta na fundi au ndugu huenda hajawahi kuuona. Kuutafuta kabla ya kugusa chochote ndiyo hatua ya kwanza ya kazi nzima, ingawa miongozo mingi huitaja mwishoni. Dalili nyingine ni nyepesi: Linux kuzuiwa kuandika katika mafaili ya Windows, kwa kuwa Windows haikuzimika kabisa bali ililala nusu ili iwake haraka, na saa kupotea kwa saa tatu kamili, kwa sababu Windows huitunza saa ya mashine kwa majira ya hapa, Linux kwa majira ya Greenwich.

Tangu 2016 Microsoft imeruhusu Linux kuendeshwa ndani ya Windows yenyewe, na kwa wengi hilo linatosha. Linampa mgeni chumba, wala halimpi ufunguo wa mlango.

Uzito wa ufunguo huo ulionekana Agosti 2024. Sasisho la Windows lilifuta uhalali wa vianzishi vya zamani vyenye udhaifu wa kiusalama. Microsoft ilieleza kwamba sasisho halitazigusa kompyuta zenye mifumo miwili, lakini utambuzi wake ulikosea katika baadhi ya mashine, na Linux iliyokuwa ikiwaka jana yake ikakataliwa kwa ujumbe mfupi wa Kiingereza kuhusu SBAT. Mtumiaji alilazimika kuzima uanzishaji salama, kuingia Linux, kufuta sera hiyo kwa amri, kisha kuwasha ulinzi upya. Na maelekezo hayo ilimbidi ayasome kwenye kifaa kingine. Suluhisho la kudumu kutoka Microsoft lilitolewa Mei 2025.