Kuijua China kwa vitabu: pa kuanzia

Tangu mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina. Lugha humwezesha mtu kuzungumza na Mchina. Kumwelewa kunahitaji pia historia. Vitabu hivi vitatu, vyote vya Kiingereza, vinaigusa Tanzania au Afrika Mashariki.

The Star Raft cha Philip Snow (1988) kinaeleza uhusiano wa China na Afrika tangu kale, zikiwemo safari za Zheng He zilizofika pwani yetu karne ya 15.

Africa's Freedom Railway cha Jamie Monson (2009) kinahusu TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Monson hakuishia kwa viongozi. Aliwasikiliza pia wafanyakazi wa reli, wakulima na wachuuzi wanaoitegemea.

Mao's Little Red Book (2014), kilichohaririwa na Alexander Cook, kina sura ya Priya Lal kuhusu Tanzania ya Ujamaa.

Unaposoma, angalia mwandishi amemsikiliza nani. Kitabu kinachonukuu serikali mbili peke yake hakijamaliza habari. Wazee walioijenga TAZARA wanazidi kupungua. Kama yupo mmoja katika familia yako, mrekodi sasa, kwa Kiswahili chake mwenyewe.