Bei na Thamani: Historia Fupi ya Gari la Umeme

Makala haya yakusudia kueleza kwa nini gari la umeme, lililokuwa chombo cha matajiri zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lilitoweka, na kwa nini sasa laingia Afrika Mashariki kwa mlango mwingine. Swali ni la historia, lakini maneno tunayopimia mali yatatusaidia kulijibu.

Waswahili twatofautisha bei na thamani. Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Asili ya "bei" ni kuuza. Asili ya "thamani" ni ile fedha inayolipwa. Sisi tumelifanya la kwanza kuwa fedha anayoitaja mchuuzi, na la pili tumelipandisha liwe ubora wa kitu chenyewe, hata mtu aweza kusema ya kuwa kitu fulani kina bei kubwa na thamani ndogo. Kadhalika neno "rahisi": asili yake ni kisicho ghali, nasi tumeliongezea maana ya kisicho kigumu. Maana hizo mbili zina kazi katika habari hii.

Mwanzoni gari la umeme halikuwa duni. Tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme karibu na Paris kwa mwendo uliozidi kilomita 100 kwa saa, wala hapakuwa na gari la barabarani lililopata kufikia mwendo huo kabla yake. Huko Marekani magari ya Detroit Electric yalianza kuundwa mwaka 1907. Yalikwenda kimya, hayakutoa moshi, wala hayakumlazimu mtu kuzungusha mpini wa chuma mbele ya injini, kazi iliyowavunja wengi mikono. Clara Ford, mke wa Henry Ford, alikuwa na gari la namna hiyo la mwaka 1914, na huku mumewe akiuza magari ya petroli kwa maelfu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona basi kizuri hiki hakikujiuza? Jibu la kwanza ni bei. Mwaka 1914 gari la Detroit Electric liliuzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Ford Model T lilianza mwaka 1908 kwa dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 lilipatikana kwa chini ya dola 300. Jibu la pili ni kwamba mwaka 1912 magari ya Cadillac yalitiwa mota ndogo ya umeme ya kuwashia injini, aliyoibuni Charles Kettering, na ule mpini ukaanza kusahauliwa. Hivyo gari la petroli likawa rahisi kwa maana zote mbili. Gari la umeme lilibaki na betri nzito na ya gharama, na mashambani umeme wenyewe haukuwapo.

Hata hivyo palikuwa na watu walioliona fundo lilipo. Mjini Hartford, katika miaka ya 1910, kampuni ya umeme ilimruhusu mteja kununua lori bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni. Ikiisha nguvu ilibadilishwa kwa nyingine, na mteja alilipia maili alizokwenda. Huduma hiyo ilikoma mwaka 1924, lakini fikira yake haikufa.

Gari la umeme liliporudi katika karne hii, lilirudi kwanza kwa matajiri. Tesla Roadster ya mwaka 2008 iliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000, na mwaka 2023 Rolls-Royce nao walianza kuwakabidhi wateja gari lao la kwanza la umeme. Hapa yafaa tulikumbuke neno letu "Wabenzi", lililoenea baada ya uhuru. Jina la fundi wa Kijerumani, Carl Benz, lilitiwa kiambishi wa-, kile kile cha Wahehe na Wanyamwezi, na tabaka jipya la wakubwa likahesabiwa kama kabila. Neno hilo halilaumu mashine. Lamlaumu mtu anayenunua cheo kwa fedha ambazo pengine si zake. Gari la umeme halisalimiki na lawama hiyo kwa sababu tu halitoi moshi. Kiongozi wa nchi maskini akilinunua kwa fahari, atabaki kuwa Mbenzi.

Lakini huku kwetu umeme umefuata njia nyingine pia. Mjini Kigali, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiwabadilishia betri waendesha pikipiki za abiria. Mjini Nairobi, tangu mwaka 2022, mabasi ya BasiGo yamekuwa yakibeba abiria, na mwenye basi aweza kuilipia betri kwa kilomita. Hiyo ndiyo fikira ya Hartford. Mwendesha pikipiki haulizi jirani watamwonaje. Ahesabu jioni kilichobaki mfukoni baada ya gharama za siku. Kwake yeye thamani ni kazi iliyofanyika.

Basi, kwa maoni yangu, historia hii yafundisha kwamba chombo hakishindi kwa ubora wake peke yake, bali pale bei yake inapolingana na riziki ya anayekitumia. Nasi wachunguzi wa lugha tuna wajibu wetu: majina wanayoyapa vyombo hivi waendeshaji wenyewe yakusanywe mapema, kwa maana ndani yake tutasoma kama watu wameona thamani, au wameona bei tu.