Kanda ya Paka na Panya

Mpaka wa Kenya na Tanzania unaopita Sirari ulikatwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na waliokaa mezani kuukata hawakumwuliza Mkurya hata mmoja. Kwa hiyo si ajabu kwamba Wakurya nao, kwa muda wa zaidi ya miaka mia, wameutazama mstari huo kama mtu atazamavyo kijia kipitacho kati ya mashamba mawili ya ndugu, wakaoa Isebania na kuoza Sirari, wakauza ng'ombe huku na kununua sukari kule. Tijara ya mpakani imekwisha kusimuliwa mara nyingi kwa habari ya mifugo, sabuni na vitenge. Haijasimuliwa kwa habari ya kanda ya video, kile kijisanduku cheusi cha plastiki kilichobeba vita visivyokwisha vya paka na panya mpaka Tarime, Nyamongo na Mugumu, katika siku ambazo hapakuwa na kituo hata kimoja cha televisheni Tanzania Bara.

Katuni fupi tunayoitaja hapa ni filamu ya michoro ya dakika saba hivi, iliyobuniwa kwa ajili ya majumba ya sinema ya Marekani, ioneshwe kabla ya filamu kubwa ili watu wakae kitako na kuchangamka. Paka Felix alitangulia mwaka 1919, Mickey Mouse akapewa sauti mwaka 1928, Popeye akaingia mwaka 1933, na mwaka 1940 William Hanna na Joseph Barbera, katika studio ya MGM, wakawazaa Tom na Jerry. Mabwana hao wawili walitengeneza filamu 114 mpaka mwaka 1958, na saba kati ya hizo zikapata tuzo ya Oscar. Baada yao Gene Deitch alitengeneza nyingine 13 katika mji wa Prague, na Chuck Jones 34, hata jumla ya zile za sinema ikafika 161. Hesabu hii tuishike, maana itatufaa mbele.

Sinema yenyewe ilianza kuwafuata watu wa vijijini katika Tanganyika kwa sura ya ualimu, si ya maskhara. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika ukulima, afya na kuweka akiba, wakazipeleka kwa lori, wakizionesha usiku hadharani. Majumba ya sinema ya burudani yalibaki kuwa mali ya miji, na mtu wa Nyamwaga au wa Nata aliyetaka kucheka na Popeye angalipaswa kufunga safari ya mbali, akiwa na nauli ya kwenda, kiingilio, na ujasiri wa kuwaeleza wazee wake kwamba safari hiyo ilikuwa ya kwenda kutazama baharia akila mchicha.

Televisheni nayo ilichelewa. Kenya ilikuwa nayo tangu mwaka 1962, na Zanzibar ilipata ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali serikali ya Mwalimu Nyerere, ambaye ni mwana wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, iliihesabu kuwa ni anasa isiyolingana na nchi yenye kuhitaji kwanza maji, shule na zahanati. Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, kilipoanza kituo cha ITV. Hapa pana kinaya kinachostahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyefariki kwa ajali ya ndege katika kazi hiyo hiyo, waliwaonesha walimwengu nyumbu na pundamilia wa Serengeti katika filamu iliyopata Oscar mwaka uliofuata. Na mwaka 1994 Walt Disney wakamchora simba, wakamwita Simba, wakamzungushia wenzake wenye majina ya Kiswahili kama Rafiki na Pumbaa, na kanda yake ilipotoka mwaka 1995 ikauzwa kwa mamilioni. Wanyama wa jirani walikwisha kuwa mashuhuri katika vyumba vya watu wa Ulaya na Marekani kabla mkazi wa Robanda, ambaye huwasikia usiku akiwa kitandani, hajapata kioo cha kuwatazamia.

Kilichovunja kizuizi hicho ni deki ya video. Wajapani wa Sony walitoa Betamax mwaka 1975, na wale wa JVC wakatoa VHS mwaka uliofuata, ambayo ndiyo iliyoshinda. Na tangu hapo mtu aliweza kuipata picha bila ya kungoja kituo cha kurusha matangazo wala jumba la sinema. Kwetu, wakati wa kuzaliwa kwake ulikuwa mgumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983, mwaka ambao Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa akiwasaka wahujumu uchumi, na mwenye redio mbili nyumbani aliweza kutakiwa aeleze ya pili ameipataje. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyolegeza kamba, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila ya kuulizwa mengi. Mwaka huo huo, kwa sadfa tu, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika shauri la Sony, ambalo Walt Disney walikuwa miongoni mwa washitaki, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Kwa hiyo kanda ilipata uhuru pande mbili za dunia katika mwaka mmoja.

Ndipo kikazuka kibanda cha video, ambacho mzaha wa Kitanzania ulikiita kibanda umiza, na jina hilo halikukosea: mabati juu, turubai au mabanzi pembeni, mabenchi yasiyo na egemeo, runinga moja iliyopandishwa juu ya kabati, deki chini yake, na nje, mahali ambapo umeme wa gridi haujafika, jenereta lenye kelele za kushindana na filamu. Mwenye kibanda alikuwa fundi na mhifadhi kwa pamoja. Alijua kusafisha hedi picha inapojaa chengachenga, alijua kuirudisha kanda kwa kalamu inapolegea, na alijua kuiokoa inapoliwa na deki, akiunga utepe kwa selotepu na kupoteza sekunde chache za filamu kuliko kuipoteza yote. Aliyefungua onyesho lake kwa katuni fupi, watu wakiwa bado wanaingia na kutafuta nafasi, alikuwa akiifuata desturi ile ile ambayo katuni hizo ziliundiwa huko Hollywood, pasipo kufundishwa na mtu.

Filamu ndefu zilikuja na mzigo wa lugha. Filamu ya Hong Kong au ya Marekani ilihitaji mtu wa kusimama kati, na kazi hiyo ikawapa umaarufu wafasiri kama Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilifuatana na kanda hata wakaifahamu watu wasiopata kumwona. Tom na Jerry hawakumhitaji Lufufu. Maneno ndani ya filamu zao ni haba mno, na kazi ya kueleza imeachiwa muziki wa Scott Bradley, ambao hupanda ngazi pamoja na panya na kuanguka pamoja na paka. Msikilizaji aliyelelewa penye litungu, lile zeze kubwa la nyuzi nane la Wakurya, ambalo mpigaji wake hujua kumsifu, kumcheka na kumkemea mtu kwa nyuzi kabla hajafungua kinywa, hakuona ugeni katika ufundi huo. Katika mojawapo ya filamu zile zilizoshinda Oscar, Tom anapiga kinanda akiwa amevaa suti rasmi na Jerry anamsumbua kutoka ndani ya kinanda chenyewe. Mchunga ng'ombe asiyepata kusikia jina la Liszt, aliyeutunga muziki ule, huifahamu dhihaka yote.

Wala kisa chenyewe hakikuwa kigeni. Mdogo mwenye akili na mkubwa mwenye nguvu ni sungura na fisi wa jikoni kwa bibi, na kichekesho cha mkubwa kunaswa katika mtego alioutega mwenyewe ni kikongwe kuliko sinema. Fauka ya hayo, Popeye alitengenezewa filamu tatu za rangi kati ya mwaka 1936 na 1939, zilizo ndefu kidogo kuliko kawaida, ambamo anapambana na Sindbad, na wezi arobaini wa Ali Baba, na taa ya Alaadin. Yaani visa vya Alfu Lela Ulela, vilivyokwisha kusomwa na wanafunzi wetu wengi kwa Kiswahili, vilizunguka Marekani vikarudi kwa mlango wa uani, vimevaa kofia ya baharia. Kwa kuwa haki za miliki za filamu hizo hazikuhuishwa kwa wakati huko Marekani, kila mwenye mtambo aliweza kuzinakili, na ndiyo sababu zikawa katika kanda za bei ndogo kabisa duniani kote.

Sasa tuirudie ile hesabu. Kanda ya kawaida ya VHS ilichukua dakika 180, nayo katuni fupi ni dakika saba. Basi kanda saba zingetosha kuwaweka Tom na Jerry wote 161, na nafasi ikabaki. Huko Marekani na Ulaya wapo waliofanya hivyo na zaidi, wakazipanga rafuni kwa miaka na majina ya waelekezi, wakabishana juu ya nakala iliyo kamili na iliyokatwa. Katika Tarime na Serengeti ukusanyaji ulikuwa na ada nyingine. Kanda ilinunuliwa na mmoja ikatazamwa na mtaa. Iliazimwa, ikakodishwa, ikapelekwa kwa mjomba ng'ambo ya mpaka na kurudi ikiwa imechoka. Mwenye kanda hakuhesabiwa kuwa nayo kwa sababu imelala kabatini kwake, bali kwa sababu watu walijua ni kwake waendako kuiomba. Ada hiyo ilikuwa ya ukarimu, nayo ilikuwa na adhabu yake, maana kanda huisha kwa kutazamwa: rangi hufifia, sauti hupwaya, na picha ya juu ya kioo huanza kupinda kama moshi.

Wale wakusanyaji wa mbali, hata hivyo, walibishana juu ya jambo linalotuhusu. Katika filamu nyingi za Tom na Jerry za miaka ya 1940 yumo mwanamke mweusi, mtumishi wa nyumba, ambaye huonekana miguu na ufagio, na uso wake aghalabu haumo. Na mwaka 1968 wamiliki wa katuni kumi na moja za studio ya Warner walizizuia zisioneshwe katika televisheni kwa jinsi zilivyowadhihaki watu weusi. Matoleo ya baadaye ya Tom na Jerry yalibadilishwa sauti ya mwanamke yule au yakakatwa. Mtoto wa Mugumu aliyecheka paka akifukuzwa kwa ufagio hakujua kwamba alikuwa akioneshwa, kwa mbali na kwa mzaha, watu wa rangi yake walivyotazamwa katika nchi nyingine. Mimi siwaungi mkono wanaozikata filamu hizo kimya kimya, kwa kuwa kosa lililofichwa halifundishi. Lakini mzazi azioneshaye leo ana wajibu wa kukaa kando ya mtoto na kusema neno.

Zama za deki zilikwisha bila ya tanzia. Santuri za VCD na kisha za DVD ziliingia zikiwa zimebeba katuni chungu nzima kwa pamoja, nyingi zikiwa nakala zisizo halali, ingawa Tanzania ilikuwa na sheria mpya ya hakimiliki tangu mwaka 1999. Baada yake ikaja flashi, ambayo kijana huipeleka dukani ikajazwa katuni za mwezi mzima wakati anakunywa chai. Mwaka 2014 Ubongo Kids, iliyochorwa Dar es Salaam na kusemwa Kiswahili, ikaanza kurushwa, na watoto wa hapa wakapata katuni iliyotungwa kwa ajili yao. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ikafunga kazi hiyo. Tom na Jerry wamevuka mabadiliko yote hayo bila ya kujeruhiwa, na hapana haja ya kuwahofia.

Hofu yangu iko kwingine. Mgongoni mwa kanda ya VHS ya kurekodia mlikuwa na kijimeno cha plastiki, ambacho kikivunjwa kanda hukataa kurekodiwa tena. Na kila fundi alijua kwamba kipande cha selotepu kikibandikwa juu ya tundu lile, kanda huwa tayari tena. Kwa hila hiyo ndogo kanda iliyoletwa na paka na panya iliweza kupokea juu yake arusi ya dada, mazishi ya mzee, ngoma ya kijiji au hotuba ya mgeni, na pengine dakika za mwisho za katuni zikabaki mkiani. Paka na panya wa kanda hiyo wamehifadhiwa Marekani kwa gharama kubwa. Yule mzee apigaye litungu katika nusu saa ya katikati hana nakala nyingine popote.

Kwa hiyo, ewe msomaji wa Tarime au Serengeti, ukiikuta darini kanda yenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu neno moja tu, Katuni, usiitupe na usiwape watoto wavute utepe wake. Ifute vumbi, iweke mahali pakavu, imesimama wima, mbali na jiko. Kisha mtafute mwenye deki ambayo ingali hai, mwombe aihamishie picha zake katika kompyuta, na mkae pamoja muitazame mpaka utepe uishe.