Ngazi ya Rufaa Ilichelewa Kufika Kijijini

Waswahili wana msemo wao: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Msemo huo unamhusu mtu anayehukumiwa na mwenzake yule anayemshitaki. Leo tuutumie kupima historia ya mahakama zetu za jinai. Mahakama haipimwi kwa hukumu zake tu. Hupimwa pia kwa mlango inaomwachia yule aliyeshindwa.

Ziko nchi, kama Marekani, zenye mahakama za shirikisho na mahakama za kila jimbo. Huko hutazamwa kosa limevunja sheria ya nani. Tanganyika ya mkoloni nayo ilikuwa na mahakama za namna mbili, lakini hapa kwetu kilichotazamwa kwanza kilikuwa rangi ya mtu.

Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliziondoa mahakama za machifu katika uangalizi wa Mahakama Kuu. Mashauri ya mauaji hayakuwa yao, bali makosa ya kila siku. Mkulima wa bonde la Songwe, tuseme wa Galula, akihukumiwa barazani kwa chifu, rufaa yake ilikwenda kwa Bwana DC, kisha kwa Mkuu wa Jimbo, na mwisho kwa Gavana. Wakili hakuruhusiwa. Na Bwana DC huyo ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyemsimamia chifu, na ndiye aliyeketi kusikiliza rufaa. Mkulima alipanda ngazi, na katika kila kipandio alimkuta mtu wa serikali ile ile.

Mwaka 1951 mahakama hizo zilipewa jina jipya, zikaitwa mahakama za mitaa, lakini Bwana DC hakuondoka katika rufaa. Mabadiliko ya kweli yalikuja baada ya uhuru. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Zikawepo Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na Mahakama Kuu, ngazi moja kwa watu wote. Kilele chake kilikuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, tukaunda Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1979.

Hata hivyo Muungano wetu una mahakama za pande mbili. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake. Mahakama si jambo la Muungano, isipokuwa ile ya Rufani. Kuanzia mwaka 1970 Zanzibar iliendesha mahakama za wananchi, ambamo mshitakiwa hakuwa na wakili wa kumtetea. Humo ndimo ilimosikilizwa kesi ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Washitakiwa waliokuwa Bara, akiwemo Abdulrahman Babu, walihukumiwa kifo mwaka 1974 bila kuwapo mahakamani. Bara haikumkabidhi Babu Zanzibar. Lakini nayo ilimweka kizuizini hadi mwaka 1978 bila kumfikisha mbele ya hakimu. Upande mmoja ulihukumu bila utetezi, na upande wa pili ulifunga bila hukumu. Mahakama za wananchi ziliondolewa mwaka 1985, na leo mashauri ya jinai ya Zanzibar huweza kufika Mahakama ya Rufani sawa na ya Bara.

Basi leo mkazi wa Galula, mkoani Songwe, akitiwa hatiani na Mahakama ya Mwanzo, ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kutoka hapo aweza kufika Mahakama Kuu. Hakuna Mkuu wa Wilaya katika ngazi hiyo. Hilo si jambo dogo. Babu yake hakuwa nalo.

Lakini ngazi haimfai asiyejua kuwa ipo. Siku 30 hupita upesi kwa mtu aliye gerezani, ambaye ndugu zake bado wanatafuta nauli na nakala ya hukumu. Wenye kujua sheria wawaambie wasiojua, tena mapema, kabla siku hazijaisha. Haki ya rufaa tuliipata kwa taabu. Tusiiache ipotee kwa kukosa kuambiana.