Kigoma: Mwili Hausubiri Gari

Kigoma tumezoea kuitania kuwa ni mwisho wa reli. Lakini ukitoka mjini ukapanda Kasulu, halafu ukaenda Kibondo, hata hiyo reli umeshaiacha nyuma. Ni zaidi ya kilomita 200. Sasa fikiria mzazi anavuja damu Kibondo wakati bingwa wa upasuaji yuko Maweni, hospitali ya mkoa.

Mwilini kunatokea nini? Damu ikipungua, mishipa ya ngozi na miguu inajibana ili kiasi kilichobaki kiende kwenye moyo na ubongo. Moyo unakwenda mbio, mikono inapoa. Na kwa kuwa mjamzito ana damu nyingi kuliko kawaida yake, anaweza kupoteza nyingi huku anaongea na presha haijashuka. Ndugu wanasema, "Ana nafuu, tusubiri kukuche." Halafu presha inaanguka ghafla.

Mtafiti wa Glasgow, David Cuthbertson, alichunguza waliovunjika mifupa miaka ya 1930. Mwaka 1942 aliieleza hali ya mwili ulioumia kwa mfano wa maji ya bahari: kupwa na kujaa. Kwanza mwili unapoa na kubana matumizi. Ukivuka hapo unachemka, unakula misuli yake wenyewe ili upate cha kuponyea kidonda. Kwa mwili, kisu cha daktari nacho ni jeraha. Anayepasuliwa kwa kuchelewa, damu imemwishia au usaha umeshaanza, anapigwa mara mbili.

Kigoma iliyajua haya kwa msiba. Mwaka 1984, katika hospitali ya mkoa, vifo vya wazazi vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake wakachunguza vifo ambavyo vingeweza kuzuilika, na mwaka 1987 wakaanza mpango wa mambo 22 wakitumia zaidi kilichokuwepo palepale. Mwaka 1991 idadi ilikuwa imeshuka hadi 186!

Hao ni waliofika hospitali ya mkoa. Wa Kasulu na Kibondo je? Wilayani, kisu mara nyingi kilishikwa na daktari msaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha mwaka 1963. Wengine waliwadharau kwa kukosa shahada. Mwaka 2009 Mbaruku na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 14 za Mwanza na Kigoma, wenye upasuaji mkubwa wa uzazi 1,072. Walilinganisha wagonjwa wa madaktari wasaidizi na wa madaktari wenye shahada. Hawakuona tofauti ya maana.

Sisi wa mjini tuliosoma tunapenda kuuliza daktari kasoma chuo gani. Swali si baya. Ila kwa mama wa Kibondo kuna swali linalotangulia: nani yupo karibu, usiku huu, mwenye kisu, nusu kaputi na chupa ya damu? Mwili wake ukishamaliza akiba, shahada iliyoko kilomita 200 haimsaidii kitu.